Kufuli Lililosahaulika

Asubuhi ya Jumanne, Mei 18, 1999, wahandisi wa NASA kule California walikuwa wanasubiri chombo chao cha angani kizime injini. Hakikuzima. Chombo chenyewe, Deep Space 1, kilikuwa zaidi ya kilomita milioni 90 kutoka Duniani, mbali kiasi kwamba mawimbi ya redio yalichukua kama dakika tano kukifikia. Na siku hiyo kilikuwa hakiendeshwi na mtu. Tangu jana yake kilikuwa kimekabidhiwa kwa programu iitwayo Remote Agent, ya kwanza ya akili mnemba kuachiwa usukani wa chombo cha anga za mbali. Ilipanga ratiba yenyewe, ikaitekeleza yenyewe, na kitu kikiharibika ilitakiwa itafute chanzo na njia ya kukikwepa bila kumuuliza mtu. Sasa amri ya kuzima injini, iliyokuwamo kwenye mpango ambao programu hiyo iliuandika kwa mkono wake, ilikuwa haitoki.

Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi hungoja nitaje kosa kubwa: hesabu mbaya, waya uliokatika, mionzi ya jua. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kutia uchungu, na kuielewa hakuhitaji kompyuta.

Mfikirie mlinzi wa usiku. Anachungulia dirishani: langoni hamna mtu. Anaamua kujinyoosha, mgeni akija atabonyeza kengele, naye ataamka. Katika ule upenyo mdogo, baada ya kuchungulia na kabla ya kulala, mgeni anafika na kubonyeza kengele mara moja. Kengele hii imetengenezwa kumwamsha aliyelala tu. Mlinzi bado hajalala, kwa hiyo mlio unapotea bure. Kisha analala. Mgeni nje anangoja kufunguliwa, mlinzi ndani anangoja kengele. Watangojeana hadi kunakucha, na hakuna kati yao aliyekiuka hata agizo moja alilopewa.

Ndani ya Remote Agent kulikuwa na michakato inayokwenda sambamba, na miwili kati yake iliingia katika hali hiyo. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kuchungulia na kulala vifanywe tendo moja lisilokatizwa, kama mtu anayefunga mlango kwa kufuli, anamaliza shughuli zote mbili, ndipo anafungua. Waandishi wa programu walilijua kufuli hilo na walilitumia kwingineko. Mahali pamoja walilisahau.

Ajabu ni kwamba programu ilikuwa imejaribiwa Duniani, kwenye mitambo mbalimbali, na hali ile ilipitiwa maelfu ya mara. Hata mara moja mgeni hakufika katika ule upenyo. Alifika angani.

Hapo ndipo anapoelewa mtu kwa nini majaribio peke yake hayatoshi kwa mashine inayojiamulia. Michakato miwili yenye hatua 10 kila mmoja inaweza kupishana kwa njia 184,756. Ongeza wa tatu wenye hatua 10, na njia zinapanda hadi zaidi ya trilioni 5.5. Roboti ya kawaida haina michakato mitatu. Ina makumi, na juu ya hiyo kuna vihisi vinavyoleta habari muda wowote, na dunia isiyofuata saa ya kompyuta. Ukijaribu mara elfu kumi umepita kwenye njia elfu kumi, na pengine nyingi kati ya hizo ni zilezile. Kuhusu njia zilizobaki hujasema lolote.

Kuna mbinu nyingine, nayo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 walionyesha kwamba programu inaweza kuthibitishwa kama kauli ya jiometri inavyothibitishwa: ukianza na sharti hili, ukapita mistari hii, lazima utamaliza na matokeo haya. Mwaka 1977 Amir Pnueli akaleta mantiki ya wakati kwenye programu, mantiki inayoweza kusema "daima", "hatimaye", "haitatokea kamwe mpaka". Hayo ndiyo maneno tunayoyahitaji kwa roboti, maana roboti haimalizi hesabu na kutoa jibu, inaishi, inaendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Edmund Clarke na Allen Emerson nchini Marekani, na Joseph Sifakis na Jean-Pierre Queille nchini Ufaransa, kila upande kwa njia yake, waliipa kompyuta kazi ya kupita kwenye kila hali ambayo modeli ya mfumo inaweza kuifikia na kukagua kama ahadi imevunjwa. Ikivunjwa, kompyuta haisemi tu "kuna kosa". Inatoa mkanda mzima, hatua kwa hatua: mlinzi alichungulia, mgeni akabonyeza, mlinzi akalala. Mimi nadhani mkanda huo ndio zawadi kubwa kuliko zote za fani hii. Mhandisi anayebisha kwamba jambo fulani haliwezekani, huna haja ya kubishana naye. Unampa mkanda ausome.

Sasa turudi kwa Deep Space 1, maana sijasema jambo linaloniuma zaidi.

Miaka miwili kabla ya safari ile kukwama, mwaka 1997, Remote Agent ikiwa bado inaandikwa, watafiti watatu wa kituo cha NASA Ames, Klaus Havelund, Michael Lowry na John Penix, walichukua kipande cha programu hiyo. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya Lisp. Wakakiandika upya kwa ufupi, kama modeli, kwa ajili ya SPIN, chombo cha ukaguzi alichokitengeneza Gerard Holzmann katika maabara za Bell. SPIN ikatoa kasoro tano ambazo hakuna aliyekuwa anazijua. Mojawapo ilikuwa ya mlinzi na kengele. Ikarekebishwa.

Kasoro iliyokikwamisha chombo angani mwaka 1999 ilikuwa pacha wake. Ilikaa kwenye sehemu nyingine ya programu hiyohiyo, sehemu ambayo haikuwamo kwenye modeli. Baada ya tukio, kikundi cha Ames kilijipa mtihani: wapewe programu bila kuambiwa kosa liko wapi, waone kama mbinu zao zingelipata. Walilipata kwa siku chache.

Kwa hiyo hisabati haikushindwa mahali ilipoitwa. Haikuitwa kwenye chumba cha pili. Na hili ndilo nataka wasomaji wangu walishike kabla hatujafika kwenye magari na droni, kwa sababu siku hizi neno "imethibitishwa" linauzwa sana, na anayelinunua mara chache huuliza: imethibitishwa nini, mpaka wapi?

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kazi hii, yote yametoka Kiarabu na yote yamekaa muda mrefu vinywani mwa wanazuoni wetu wa pwani: yakini na dhana. Yakini ni ujuzi usioachia shaka nafasi. Dhana ni kile unachokichukulia kuwa kweli kwa sababu ishara zinaelekea huko. Uthibitisho wa kihisabati unatupa yakini kuhusu modeli. Kuhusu dunia unatuachia dhana, na dhana hizo ni sehemu ya uthibitisho hata kama hazikuandikwa. Mtaalamu mwaminifu huziandika.

Yakini inaweza kufika mbali sana pale dhana zinapolindwa. Njia ya 14 ya metro ya Paris ilifunguliwa Oktoba 1998, na treni zake hazina dereva. Programu za usalama wake ziliandikwa na Matra Transport kwa mbinu ya B, aliyoibuni Jean-Raymond Abrial. Katika mbinu hiyo huanzi na programu. Unaanza na ahadi iliyoandikwa kwa hisabati, halafu unaishusha ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na maelezo zaidi kuliko iliyotangulia, na kila unaposhuka inakulazimu uthibitishe kwamba hujaivunja ahadi ya juu. Hoja za kuthibitisha zilifika kama 27,800, na zote zilithibitishwa, nyingi na kompyuta yenyewe, zilizobaki na watu wakiiongoza. Mistari 115,000 ya B ilizaa mistari 86,000 ya lugha ya Ada. Majaribio yaliyofuata hayakupata kasoro kwenye programu zilizothibitishwa.

Wanaotaja mfano huu, mara nyingi wanasahau kutaja ukuta. Treni ya njia ya 14 inatembea ndani ya handaki. Kwenye majukwaa kuna milango ya kioo inayotenganisha abiria na reli. Hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayekimbiza mpira, hakuna mkokoteni wa miwa. Reli inajulikana urefu na mteremko wake. Handaki lile na milango ile ya kioo ni sehemu ya uthibitisho sawasawa na zile hoja 27,800. Ndivyo vinavyoifanya dunia itii modeli. Ukiitoa treni hiyo handakini na kuiweka barabarani, hisabati haitabadilika hata herufi moja, lakini haitakuwa inaizungumzia treni hiyo tena.

Roboti nyingi za leo zinatakiwa zifanye kazi nje ya handaki. Tuone kinachotokea, kwa mfano mdogo ambao mtu anaweza kuupigia hesabu kwa kalamu.

Chukua kigari kinachojiendesha ghalani, tuseme ghala la Kurasini, kinabeba makasha kutoka mlangoni hadi kwenye rafu. Kinakwenda mita 2 kwa sekunde. Breki zake hupunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Hesabu ya kidato cha tatu inasema kitahitaji mita 2 kusimama. Kompyuta yake inatazama mbele kila nusu sekunde, kwa hiyo kabla haijatambua kizuizi inaweza kuwa imeshakwenda mita 1 zaidi. Jumla mita 3. Tunaandika sharti: kigari kisiendelee na mwendo huu kama nafasi iliyo wazi mbele yake haifiki mita 3. Kisha tunathibitisha, kwa kila mwendo na kila umbali, kwamba sharti likiwa kweli sasa litakuwa kweli pia baada ya nusu sekunde ijayo, na ijayo, bila mwisho. André Platzer, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na wenzake wametengeneza programu iitwayo KeYmaera kwa uthibitisho wa aina hii hasa, ambamo kompyuta inayopiga hatua na kitu kinachotembea bila kukatika vinaandikwa kwenye hesabu moja.

Masika yanaingia. Bati linavuja, sakafu imelowa karibu na mlango. Breki zilezile sasa zinapunguza nusu tu ya mwendo zilioupunguza jana. Mita 2 za kusimama zimekuwa 4, ongeza ile 1 ya kutazama: mita 5. Kasha lililokaa mita 4 mbele litagongwa, na uthibitisho wetu haujakosea hata nukta. Ulisema kweli kuhusu sakafu kavu. Herufi moja kwenye hesabu, ile inayosimama badala ya nguvu ya breki, ndiyo iliyobeba mvua yote, na mtu aliyeijaza alikuwa ofisini mwezi wa Januari.

Mtu atasema: basi jaza thamani ndogo, ya sakafu iliyolowa. Sawa. Kigari kitakwenda polepole mwaka mzima, mwenye ghala atalalamika, na ana haki. Au weka kihisi cha unyevu, kisha uulize nani anathibitisha kihisi. Kila jibu linahamisha mpaka kidogo. Halipo linaloufuta.

Ahadi yenyewe pia ina utata ambao mtu hauoni mpaka akae kuiandika. Tukitaka kigari "kisigongane na kitu", tumeomba kisichowezekana, kwa sababu kigari kilichosimama tuli kinaweza kugongwa na dereva wa folklifti anayerudi nyuma bila kutazama. Mwaka 2013 Stefan Mitsch, Khalil Ghorbal na Platzer waliliweka suala hili vizuri. Ahadi ya kwanza: mgongano ukitokea, roboti iwe imeshasimama. Hiyo inatosha kisheria pengine, lakini roboti inaweza kuitimiza kwa kusimama ghafla katikati ya njia ya mtu anayekimbia. Kwa hiyo wakaandika ya pili, yenye utu zaidi: roboti isimame mapema, na imwachie mwenzake nafasi ya kutosha naye kusimama. Ahadi hizi mbili zina hesabu tofauti na umbali tofauti. Ipi inafaa ghala lenye wapagazi? Swali hilo hakuna programu ya kulijibu. Linajibiwa na mwenye ghala, wapagazi na mkaguzi wa usalama kazini wakikaa meza moja, na kwa maoni yangu nusu ya faida ya mbinu hizi inapatikana pale mezani, kabla kompyuta haijawashwa.

Kuna mahali meza hiyo ilikosekana, na mtu akafa. Usiku wa Machi 18, 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga mwanamke aliyekuwa anavuka barabara huku anakokota baiskeli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza na kutoa matokeo mwaka uliofuata. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo huo gari lilikuwa na nafasi tele ya kusimama. Mfumo ukampa jina: gari. Ukabadilisha: kitu kisichojulikana. Ukabadilisha tena: baiskeli. Kila jina lilipobadilika, kumbukumbu ya alikotoka ilitupwa, kwa hiyo kila mara alionekana kama kitu kilichozuka hapo hapo, na mfumo haukuweza kukadiria anaelekea wapi. Uwezekano kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko haukuwamo katika ubunifu wake. Na hata hatari ilipotambuliwa, sekunde 1.2 kabla, kulikuwa na agizo la kusubiri sekunde nzima kabla ya kuchukua hatua, ili gari lisishtukie vitu visivyokuwepo.

Soma tena mlolongo huo ukiwa na jicho la mthibitishaji. Hakuna hesabu iliyokosewa. Hakuna kufuli lililosahaulika. Programu ilitenda ilivyobuniwa. Lau mtu angethibitisha kwa hisabati kwamba programu inafuata ubunifu wake, uthibitisho ungepita, na yule mama angekufa vilevile. Kwa mtu wa Kariakoo au Eastleigh, ambako kuvukia kwenye kivuko ndiko kunakoshangaza, pengo hilo linaonekana kwa macho. Kwa waliouandika ule mfumo halikuonekana.

Ninachoamini, na nimekibishania na wenzangu wengi, ni kwamba kuandika ahadi kwa lugha ya mantiki kungeweza kulifichua pengo hilo. Sidai kwamba mantiki ina hekima. Ila ina ukaidi. Ukiandika "kila mtu aliye barabarani", itakuuliza mtu ni nini na barabara ni nini, na haitakuruhusu uendelee hadi ujibu. Ukiandika "kitu hiki ni kilekile cha sekunde iliyopita", itakudai useme kwa nini, na pale ungegundua kwamba mfumo wako hauna jibu kitu kinapobadilishwa jina.

Ugumu ni kwamba sehemu inayotoa majina hayo siku hizi ni mtandao wa neva bandia, uliofunzwa kwa picha, na haukuandikwa na mtu mstari kwa mstari. Je, huo unathibitika? Kidogo kidogo. Mwaka 2017 Guy Katz, Clark Barrett, David Dill, Kyle Julian na Mykel Kochenderfer wa Stanford walichapisha mbinu waliyoiita Reluplex. Waliijaribu kwenye mitandao 45 iliyotengenezwa kwa ajili ya ACAS Xu, mfumo wa kuzuia ndege zisizo na rubani zisigongane na ndege nyingine. Kila mtandao ulikuwa na nodi 300, unapokea namba tano, zikiwemo umbali wa ndege ngeni, pembe yake na mwendo wake, na kutoa alama kwa mashauri matano: endelea, kata kushoto kidogo, kata kulia kidogo, na kadhalika. Ahadi nyingine zilithibitika kwa kila namba inayoweza kuingia. Nyingine zilipatiwa mfano unaozivunja.

Nodi 300 ni chache sana. Mitandao inayotazama barabara kupitia kamera ina nodi na uzito wa kuhesabika kwa mamilioni, na hata kompyuta ingekuwa na nguvu za kutosha, kuna swali gumu zaidi: utaiandikaje ahadi? Kwa ndege ngeni naweza kusema "umbali ukizidi kiasi fulani". Kwa picha, ninataka kusema "kila picha yenye mtu ndani yake itambuliwe", na hakuna mtu duniani anayeweza kuandika kwa hisabati picha yenye mtu ni ipi. Kama tungeweza kuiandika, tusingehitaji kuufunza mtandao.

Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa wale wanaoujenga mfumo kwa tabaka mbili. Lui Sha wa Chuo Kikuu cha Illinois alilieleza wazo hili vizuri mwaka 2001. Acha sehemu changamano iendeshe, ile yenye akili nyingi ambayo hatuwezi kuithibitisha. Pembeni yake weka mwendeshaji wa pili, mjinga, mwenye kujua jambo moja tu: kupunguza mwendo na kusimama salama. Kati yao weka msimamizi anayetazama, kila nusu sekunde, kama bado tuko mahali ambapo yule mjinga anaweza kutuokoa. Tukikaribia kutoka nje ya eneo hilo, anamnyang'anya mwerevu usukani. Vinavyohitaji uthibitisho sasa ni viwili vidogo, mjinga na msimamizi. Na msimamizi anaweza kupewa kazi nyingine muhimu mno, ya kulinganisha dunia na dhana zetu: breki zilizoahidiwa kupunguza mita 1 leo zinapunguza ngapi? Zikipunguza nusu, sakafu imelowa, na uthibitisho wa jana umekwisha muda wake. Mwambie mwenye ghala, au simama.

Udogo huo ni wa lazima kwa sababu ya gharama. Kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4, kilichothibitishwa Australia mwaka 2009, kina mistari kama 8,700 ya lugha ya C. Kazi ya kukithibitisha, ukiipima kwa mtu mmoja, ilichukua miaka kama 20. Faida yake ilionekana baadaye katika mradi wa jeshi la Marekani ulioanza mwaka 2012, ambapo kiini hicho kiliwekwa kwenye helikopta isiyo na rubani ya Boeing: wataalamu wa kuvamia mifumo walipewa kwa makusudi nafasi ndani ya kompyuta ya chombo, na hawakuweza kutoka humo kuzifikia programu za kukirusha. Lakini hakuna kampuni itakayolipia miaka 20 kwa kila mistari elfu kadhaa. Inabidi tuchague kipi kibebe yakini, na kukichagua kabla hatujaanza kuandika.

Haya yanatuhusu kwa karibu. Kituo cha Muhanga, Rwanda, kimekuwa kikirusha droni za kampuni ya Zipline zinazodondosha damu kwa parachuti tangu mwaka 2016. Mwaka 2018 droni ya kampuni za DHL na Wingcopter ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi, ikipeleka dawa kisiwani. Ni kazi njema na nataka iongezeke. Siku ambayo droni kama hizo zitapita juu ya vijiji vyetu kila saa, ningependa kwenye faili la mwombaji wa kibali kuwe na karatasi moja, ya Kiswahili, isiyozidi kurasa mbili. Upande wa kwanza: mashine hii inaahidi nini, kwa maneno yanayoweza kupimwa. Upande wa pili: inaichukulia dunia iko vipi, upepo wa ziwani usizidi kiasi gani, setilaiti zisikosekane kwa sekunde ngapi, ndege wa porini wawe umbali gani. Halafu mstari wa chini: sehemu hizi zimethibitishwa kwa hisabati, hizi zimejaribiwa tu, na hizi hazijaguswa. Mvuvi wa Ukerewe anaujua upepo wa mwezi wa Agosti kuliko mhandisi yeyote wa Ulaya. Akisomewa upande wa pili, atasema papo hapo dhana ipi ni ya uongo. Tusipoiandika, hatapata nafasi ya kusema.

Deep Space 1 ilipewa jaribio la pili, la saa sita, siku ya Ijumaa, Mei 21, 1999. Kufikia hapo wahandisi walikuwa wameshajua kosa liko mstari gani, na rekebisho lilikuwa limeandikwa, tayari kurushwa kwa redio. Wasimamizi wa safari walikataa kulituma. Uwezekano wa mgeni kufika tena katika ule upenyo, ndani ya saa sita, ulikuwa mdogo sana, nao waliupima. Rekebisho jipya, walisema, lilikuwa bado halijajaribiwa vya kutosha. Remote Agent ilirudishiwa usukani na kosa lake ndani, ikakamilisha malengo yote yaliyokuwa yamebaki.